Usiiruke Herufi ya Kigiriki: Vidokezo 13 vya Kuizoea

Mwangalie mwanafunzi anayesoma fomula kwa sauti mbele ya wenzake. Akifika kwenye ρ anasema "pii". Akifika kwenye η anasema "eni". Akikutana na ξ ananyamaza kidogo, anavuta pumzi, kisha anarukia alama inayofuata. Nimefundisha hesabu na fizikia kwa miaka mingi na ukimya huo naujua vizuri. Unaniuma, kwa sababu alama usiyoweza kuitaja huwezi kuiulizia swali, na swali lisiloulizwa linakufuata hadi chumba cha mtihani.

Wala si darasani tu. Herufi hizi ziko kwenye pakiti ya dawa, kwenye testa ya fundi, kwenye mshumaa wa Pasaka, kwenye taarifa ya habari na kwenye kopo la mafuta ya samaki. Jumla yake ni 24, idadi ileile unayobaki nayo ukiondoa q na x katika a hadi z. Zinataka kuzoewa tu, na hivi ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

1. Zitaje kwanza, uziandike baadaye

Zigawe sita sita, uziimbe kama mtoto anavyoimba a-e-i-o-u:

alfa, beta, gama, delta, epsiloni, zeta;
eta, theta, iota, kapa, lamda, myu;
nyu, ksai, omikroni, pai, ro, sigma;
tau, upsiloni, fai, kai, psai, omega.

Hayo ni matamshi ya shuleni kwetu, yaliyopitia Kiingereza. Mgiriki mwenyewe husema "pi" na "fi", si "pai" na "fai". Chagua njia moja ushike hiyo hiyo. Ukiimba ukiwa unapiga pasi au unasubiri daladala, wiki haitaisha kabla hujazishika zote.

Majina mengine yanajieleza yenyewe. Omikroni ni "o ndogo" na omega ni "o kubwa". Sehemu ya mwisho ya kila jina ndiyo inayosema ukubwa. Epsiloni ni "e tupu", upsiloni ni "u tupu". Ukilijua hilo, majina manne yameshakaa kichwani bila kukariri.

2. Kama ulipita chuoni, nusu ya kazi umeshaifanya

Kidokezo hiki nakipenda kuliko vyote. Aliyesoma madrasa alianza na alifu, be, te. Mpangilio huo umefuata maumbo ya herufi, lakini Kiarabu kina mpangilio mwingine wa kale zaidi, ule uliotupa neno "abjadi": alifu, be, jimu, dali. Sasa uweke pembeni ya ule wa Kigiriki: alfa, beta, gama, delta. Endelea mbele hadi ufike katikati. Kiarabu kinasema kafu, lamu, mimu, nuni. Kigiriki kinasema kapa, lamda, myu, nyu.

Ni undugu huo, wala si bahati. Wafoinike, wafanyabiashara wa bahari waliokaa pwani ya nchi tunayoiita leo Lebanoni, walikuwa na herufi 22, zote konsonanti. Wagiriki walizichukua kwao yapata karne ya 8 kabla ya Kristo, majina na mpangilio vikaja navyo. Mwandiko wa Kiarabu nao unatoka kwenye ukoo huohuo kwa njia nyingine. Alfa ilikuwa "alef", yaani ng'ombe dume. Beta ilikuwa "bet", yaani nyumba, na hapo Mswahili anapaswa kusimama kidogo, maana neno hilo ni ndugu wa "bayt" la Kiarabu, na bayt ndilo lililotupa ubeti wa shairi. Kila ukihesabu beti za shairi unaitaja beta bila kujua.

Wagiriki waliongeza jambo moja kubwa. Baadhi ya sauti za Wafoinike hazikuwemo katika lugha yao, kwa hiyo herufi zake zilibaki bila kazi. Wakazipa kazi ya irabu. Alef ikawa a. Herufi iliyo ndugu wa aini ikawa o. Kwa hatua hiyo neno likaweza kuandikwa na irabu zake zote, kama tunavyoandika Kiswahili leo.

Herufi hizo zilikuwa pia tarakimu. Alfa ni 1, beta ni 2, iota ni 10, kapa ni 20, lamda ni 30, myu ni 40, nyu ni 50. Katika hesabu ya abjadi, ye ni 10, kafu ni 20, lamu ni 30, mimu ni 40, nuni ni 50. Kama umewahi kuona 786 imeandikwa juu ya barua au mlangoni mwa duka, hiyo ni Bismillahi iliyojumlishwa herufi kwa herufi kwa hesabu hiyo.

3. Tumia koo ulilozaliwa nalo

Katika Kigiriki cha leo, δ hutamkwa kama dh ya dhahabu, θ kama th ya themanini, γ mara nyingi kama gh ya ghala, na χ kama kh ya Khamisi. Sauti nne zinazowahangaisha wageni wengi wanaojifunza Kigiriki, wewe unazo tangu utotoni. β nayo wenyewe huitamka v, na jina lake ni "vita".

4. Jihadhari na zinazojifanya za kwetu

Herufi kubwa nyingi hazina shida: Α, Ε, Ι, Κ, Μ, Ν, Ο, Τ unazisoma kama zilivyo. Nne ndizo zinazopoteza watu. Ρ si p, ni r. Χ si eksi, ni kh. Η si h. Ni eta, irabu. Υ ni upsiloni, irabu pia.

Ukitaka kuzikumbuka, ingia kanisani. Tazama kitambaa cha altare au kasula ya padri. Utaona mara nyingi herufi mbili zimepandiana, moja kama X na nyingine kama P ndefu. Wengi huiona kama pambo. Ni kai na ro, herufi mbili za mwanzo za jina Kristo kwa Kigiriki, ΧΡΙΣΤΟΣ. X hiyohiyo ndiyo iliyomo katika ule ufupisho wa "Xmas", kwa hiyo anayeuona kama kumfuta Kristo kwenye sikukuu yake ameisoma kai kama eksi.

Pembeni yake huenda kuna IHS. Nimesikia tafsiri nyingi za herufi hizo kutoka kwa waumini, na nyingi zinatokana na kuidhania H kuwa h. Ni iota, eta na sigma, mwanzo wa ΙΗΣΟΥΣ, jina la Yesu. Usiku wa Mkesha wa Pasaka utaziona tena mbili nyingine kwenye ule mshumaa mkubwa: Α juu ya msalaba, Ω chini yake, na tarakimu za mwaka zimegawanywa kwenye pembe nne. Herufi ya kwanza na ya mwisho, kama kitabu cha Ufunuo kinavyozitumia.

Na yule samaki anayebandikwa nyuma ya magari? Samaki kwa Kigiriki cha kale ni ΙΧΘΥΣ. Wakristo wa mwanzo walizichukua herufi hizo tano kama vianzio vya maneno matano: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi.

5. Jifunzie kusoma kwa jina la pwani yetu

Soma hili polepole: ΡΑΠΤΑ. Ro, alfa, pai, tau, alfa. Rapta.

Huo ni mji wa biashara wa pwani ya Afrika Mashariki uliotajwa katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo na mfanyabiashara aliyetokea Misri. Pwani yenyewe anaiita Azania. Bidhaa anayoitaja kwa wingi ni pembe za ndovu. Jina la mji, anasema, limetokana na vyombo vya pale vilivyoshonwa kwa kamba, maana "rapta" ni kitu kilichoshonwa. Mzee yeyote wa Lamu aliyesimuliwa habari za mtepe atakielewa chombo hicho mara moja: mbao zimefungwa kwa kamba ya nazi, hakuna msumari hata mmoja.

Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba herufi hizi hazituhusu. Maelezo marefu ya kale kabisa kuhusu pwani hii yameandikwa kwa alfa na beta. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya kazi kwa miaka mingi akiitafuta Rapta eneo la Rufiji, na Rufiji inatupeleka kwenye kidokezo kinachofuata.

6. Ukiona Δ, jiulize: ni umbo au ni badiliko?

Wagiriki walipoona jinsi mto Naili unavyogawanyika kabla ya kuingia baharini, waliona pembetatu, nayo ni herufi yao ya nne. Herodotus aliitumia delta kwa maana hiyo katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Leo kila mto unaojitawanya hivyo tunaupa neno hilo: delta ya Tana, delta ya Rufiji na mikoko yake. Naili unaelekea kaskazini, ndiyo maana ncha ya pembetatu yake iko kusini. Rufiji unaelekea mashariki, kwa hiyo pembetatu yake imelala ubavu.

Darasani Δ ni badiliko. Chai ilikuwa nyuzi 80, sasa ni nyuzi 65. Δ yake ni −15, yaani ya mwisho toa ya mwanzo. Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni la mwanafunzi anayedhani Δt ni delta mara t, halafu "anakata" delta juu na chini. Δt ni alama moja. Isome "badiliko la muda" na mkono hautapata hamu ya kukata.

7. Herufi kubwa na ndogo, kila moja ina kazi yake

Σ inasema "jumlisha zote". σ inapima jinsi takwimu zilivyotawanyika mbali na wastani. Π inasema "zidisha zote". π ni ile ya duara. Ω ni kipimo cha kizuizi cha umeme. ω ni kasi ya kitu kinachozunguka. Ukinakili ubaoni, angalia ukubwa kabla ya kitu kingine.

8. Ipime pai kwa mikono yako

Chukua mfuniko wa sufuria. Zungushia uzi ukingoni, ukate palepale unapokutana, kisha uunyooshe kwenye rula. Huo ni mzingo. Pima na upana wa mfuniko ukipita katikati. Hicho ni kipenyo. Mfuniko wa sentimita 28 utakupa uzi wa karibu sentimita 88. Gawanya 88 kwa 28. Rudia kwa kifuniko cha chupa, kwa ndoo, kwa gurudumu la baiskeli. Jibu ni lilelile, tatu na ushei. Mtoto aliyefanya hivyo mara tatu hatauliza tena π ilitoka wapi.

Alama yenyewe ilianza kutumika kwa namba hiyo mwaka 1706, mikononi mwa Mwelisi aitwaye William Jones, kisha Leonhard Euler akaieneza. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kigiriki la mzingo. Nawasihi walimu wenzangu: msiwaache watoto waamini kwamba pai ni 22/7. Hiyo 22/7 ni 3.1428..., wakati pai ni 3.1415... Archimedes alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai iko chini kidogo ya 22/7 na juu kidogo ya 223/71. Tarehe 14 Machi, yaani 3/14 kwa wanaoanza na mwezi, UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Hiyo ni siku nzuri ya kuleta mifuniko shuleni.

9. µ kwenye dawa: hapa usibahatishe

Kama una nafasi ya kukumbuka kidokezo kimoja tu, kiwe hiki. µ ni myu, na mbele ya kipimo maana yake ni sehemu moja ya milioni. µg ni mikrogramu. mg ni miligramu. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000.

Chukua levothyroxine, dawa wanayopewa watu ambao tezi ya thairoidi shingoni haitoi homoni ya kutosha. Kidonge kinaweza kuwa cha mikrogramu 50. Iandike kwa mkono wa haraka, 50 µg, mkia wa myu usitokee vizuri, na anayesoma ataona 50 mg. Hiyo ni dozi mara elfu moja. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa dawa wanahimiza kuandika "mcg" au neno zima "mikrogramu", na kuiacha µ kabisa kwenye maandishi ya tiba.

Kompyuta nazo zina mtego wake. Myu iliyochapwa kwa fonti ya Symbol inaweza kugeuka m ya kawaida pale maandishi yanapohamishiwa kwenye programu nyingine. Karatasi inatoka safi, haina alama ya kosa, na kipimo kimezidishwa mara elfu. Wewe unayeandaa kipeperushi cha zahanati au notisi za wanafunzi wa uuguzi, tafadhali, baada ya kubandika maandishi, tafuta kila "mg" uisome upya. Na wewe unayepokea dawa, ukiona alama usiyoielewa mbele ya g, muulize mfamasia kabla hujaondoka dirishani. Ni haki yako.

Utaikuta µ pia kwenye habari za hewa chafu. Vumbi la PM2.5 ni chembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka kinachopendekezwa hadi mikrogramu 5 katika mita ya ujazo ya hewa. Anayepikia kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha anavuta kiasi kikubwa zaidi ya hicho.

10. Geuza testa iangalie Ω

Pasi imekataa kupata moto. Ichomoe kwenye umeme kwanza, na iache ipoe. Geuza kitufe cha testa mpaka kwenye Ω, gusisha ncha zake mbili kwenye pini za plagi, L na N, swichi ya joto ya pasi ikiwa imewashwa. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kukuonyesha karibu omu 53: 230 mara 230, gawanya kwa 1,000. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, koili ni nzima na waya mkuu ni mzima; tatizo huenda liko kwenye soketi. Ukipata OL, au mshale usicheze kabisa, njia imekatika mahali fulani: waya, swichi ya joto au koili. Fundi mwenye fomula hiyo kichwani hafungui pasi kwa kubahatisha.

Kipimo kimeitwa kwa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Herufi O ingechanganywa na sifuri, na kwenye umeme sifuri ya ziada si jambo dogo, basi ikachukuliwa omega, "o kubwa".

11. Usitafute maana pale ambapo herufi ni foleni tu

Mara nyingi Kigiriki kinatumika kama sisi tunavyosema kwanza, pili, tatu. Ernest Rutherford alipoona mwaka 1899 kwamba mionzi ya urani ni ya aina mbili, alizipa majina kwa zamu: alfa, ile inayozuiwa na karatasi, na beta, inayopenya zaidi. Aina ya tatu aliyoigundua Paul Villard mwaka 1900 ikapewa zamu ya tatu: gama. Hiyo huipunguzi mpaka uweke risasi nene au ukuta mzito wa zege.

Gama ina historia na Zanzibar ambayo vijana wengi hawaijui. Mbung'o walikuwa wakiwaua ng'ombe wa Unguja kwa ugonjwa wa nagana. Mbung'o wa kike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na udhaifu huo ndio uliotumika. Tanga kulijengwa kituo cha kuzalisha mbung'o kwa wingi. Madume yalipigwa mionzi ya gama kiasi cha kuyafanya tasa bila kuyaua, yakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, kuanzia 1994. Yalipita milioni 8. Jike lililopandwa na dume tasa halikuzaa tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Herufi ya tatu ilifanya kazi hiyo.

Foleni hiyohiyo ilirudi wakati wa korona. Watu walikuwa wanazitaja aina mpya za virusi kwa majina ya nchi, na nchi zikaanza kubeba lawama. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani likaamua kutumia alfa, beta, gama, delta na kuendelea. Novemba ilipofika, zamu ilikuwa ya nyu, wakairuka kwa sababu kwa Kiingereza inasikika kama "mpya". Wakairuka na inayofuata kwa sababu maandishi yake, Xi, ni jina la ukoo la watu wengi. Ndivyo tulivyofika omikroni. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Nchi iliyogundua ugonjwa mapema haistahili kuadhibiwa kwa jina.

Vimbunga vya Atlantiki vilijaribu foleni hiyo pia, majina ya kawaida yalipoisha mwaka 2005 na 2020. Mwaka 2020 Zeta, Eta na Theta zilifuatana kwa karibu, redioni zikasikika karibu sawa, na watu wanaosikiliza tahadhari hawahitaji majina yanayofanana. Machi 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaachana na utaratibu huo.

12. Toka nje usiku, usome angani

Mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer alizipa nyota herufi kundi kwa kundi, kwa kawaida alfa ikienda kwa ile inayong'aa zaidi. Jioni za Mei na Juni, ukiwa Afrika Mashariki, tazama kusini. Nyota mbili kali zilizo jirani ni Alfa na Beta za kundi la Centaurus, na mstari wake unaelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Mwanga wa Alfa Centauri umesafiri zaidi ya miaka minne kukufikia.

Kisha mwisho wa mwaka tafuta Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo wakulima wetu walilitazama kupanga misimu ya kulima. Nyota yake inayong'aa kuliko wenzake ina jina la kitaalamu: Eta ya Thauri, η. Thauri ni ng'ombe dume, kama alef.

13. Ziandike kila siku, hata kidogo

Kwa mkono, anza ρ chini, upande, ufunge kichwa, isije ikawa p. Iache ν na ncha kali chini, v uipe mkunjo. Mkia wa η ushuke chini ya mstari. ξ ni 3 iliyogeuzwa yenye kofia na mkia. Ichore mara ishirini na haitakutisha tena. Sigma ikimaliza neno hubadilika kuwa ς.

Kwenye Word, chapa 03C0 kisha bonyeza Alt na X, utapata π. 03B1 inatoa α, 03A9 inatoa Ω. Kwenye simu, ongeza Kigiriki kwenye lugha za kibodi. Wewe unayeandika tasnifu, usiandike X2 ukimaanisha χ². Kipimo kinaitwa kai mraba, na msimamizi wako atakiona.

Tafuta na za mezani. Omega-3 imeitwa hivyo kwa sababu wanakemia huanza kuhesabu kaboni kutoka mwisho wa mnyororo, upande wa omega, na kifungo maradufu cha kwanza kiko kwenye kaboni ya 3. Dagaa wanayo. Beta-karotini ndiyo inayovipa viazi lishe rangi ya chungwa, na mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Ukimaliza, mwandikie mtoto wa nyumbani maneno haya matatu ayasome mwenyewe: ΡΑΦΙΚΙ, ΣΑΜΑΚΙ, ΧΕΡΙ. Mawili ya kwanza ni ya kwetu tu. La tatu atalisoma "kheri", nalo lipo Ugiriki pia: kule ni mkono.